Kuchangua kuku ndo kufanyaje?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi ni kijana wa hapa Jinja, Uganda, nasaidia jikoni kwenye hoteli moja, mpishi wetu mkubwa katokea Mombasa. Juzi kanambia "nichangulie kuku wawili haraka" basi nikaenda bandani nikamletea majogoo wawili wazima walonona, akabaki ananitazama tu. Hilo neno maana yake nini? Na mtu akianguka na bodaboda naweza sema mguu umechanguka?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo umepotezwa na herufi moja tu, n. Wewe ulisikia chagua, yeye alisema changua.

Kuchangua ni kumkata mnyama alochinjwa kwa kufuata viungo vyake, yani kisu hakivunji mfupa, kinapita pale mfupa unapokutana na mwenzake. Kuku unamkunja paja kwa nje mpaka kiungo kiachie, unapitisha kisu hapohapo linatoka zima, unakuja bawa, unakuja kidari, shingo, na firigisi unaiweka pembeni. Mbuzi pia anachanguliwa hivyohivyo. Ukichukua panga ukampiga tu mifupa ikapasuka huko ni kukatakata, na mlaji atakutana na vichembe vya mfupa ndani ya mchuzi. Huku kwetu wengi tunafikiri kwanza kwa Kiganda, na okusala, yani kukata, inabeba kazi nyingi za kisu, so tukifika kwenye Kiswahili kila kitu tunasema kata, kata, kata, na mi inaniuma kweli maana neno changua linakufundisha na kazi yenyewe, ukilijua unajua kisu kipite wapi.

Usilichanganye na kongoa, hiyo ni ya kung'oa kitu kilichokazwa, kama misumari kwenye mbao. Na changanua ni kinyume cha changanya, kutenga vitu vilivyochanganyika, ndo tukapata uchanganuzi wa habari.

Sasa mguu wa bodaboda, hapana, mtu hachanguki, hiyo ni ya nyama ilochinjwa. Kiungo kikihama mahali pake sema mguu umeteguka, au ameteguka kifundo. Ni tegua ileile ya kutegua mtego, kitu kilikuwa kimekaa sawa kikafyatuka. Na mfupa wenyewe ukiachana katikati, hapo umevunjika.