Kufungua patisheni za Windows ukiwa Linux: ushauri kwa fundi anayeanza

Ukishaweka Linux pembeni ya Windows kwenye laptopu moja, swali la kwanza huwa ni la Drive D. Mle mlikuwa na picha, notsi za chuo na muziki, sasa utavipataje? Jibu ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Fungua programu ya mafaili, bonyeza jina la diski upande wa kushoto, vitu vyako hivyo hapo. Kinachowatoa watu jasho huja baadaye, siku wanapotaka kuhifadhi kitu humo na Linux inakataa, au mbaya zaidi, inakubali wakati haikupaswa kukubali.

Nimekaa na mashine za namna hii muda mrefu, zangu na za wateja, na msimamo wangu ni huu: patisheni (kipande cha diski, kama hiyo Drive D) ya mfumo mwingine isome utakavyo, iandikie pale tu unapojua imefungwa vizuri, na ikiharibika usijifanye daktari wake. Irudishe kwa mfumo ulioiumba.

Kwanza ujue nani anamwelewa nani. Kila mfumo una namna yake ya kupanga mafaili kwenye diski, iitwayo mfumo wa faili. Windows hutumia NTFS, iliyotoka na Windows NT mwaka 1993. Linux nyingi hutumia ext4, iliyotangazwa imara ndani ya kerneli (kiini cha Linux) mwaka 2008. Mac za leo hutumia APFS, tangu 2017. Linux inasoma na kuandika NTFS, FAT32 na exFAT bila kununua chochote. Windows, kwa upande wake, haijui ext4 wala APFS. Mac inasoma NTFS lakini haiandiki. Kwa hiyo fundi mwenye flashi ya kuwashia Linux ana faida kubwa mfukoni, kwa kuwa diski ya Windows iliyogoma kuwaka anaweza kuichungulia bila kuigusa.

Kabla ya kubonyeza chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `lsblk -f`. Jizoeze mpaka vidole vifanye vyenyewe. Amri hiyo inakuonyesha kila patisheni, aina ya mfumo wake wa faili, jina lake na UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho. Kwenye laptopu ya Windows utakuta patisheni ndogo ya vfat, mara nyingi ya megabaiti 100 au zaidi kidogo, ambayo ndiyo ya kuwashia mashine. Nyingine ya megabaiti 16 isiyo na mfumo wa faili. Kisha kubwa ya ntfs, na mwishoni ndogo ya kurekebishia Windows. Hizo ndogo ziache zilivyo. Nimeona vijana wakizifuta kwa kudhani ni uchafu, wakapata megabaiti mia chache na kompyuta isiyowaka. Tena usizoee majina ambayo Linux huyapa diski na patisheni, kama sda2. Ukichomeka flashi leo sda inaweza kuwa sdb kesho, lakini UUID haibadiliki mpaka mtu afomati.

Sasa tuingie kwenye jambo linaloleta simu nyingi kuliko yote.

Tangu Windows 8, mwaka 2012, ukibonyeza Shut down mashine haizimi kabisa. Windows inaandika hali ya kiini chake kwenye faili liitwalo hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Kitu hicho kinaitwa Fast Startup, na kwenye kompyuta nyingi huja kikiwa kimewashwa. Kwa mtumiaji wa Windows peke yake ni raha tupu. Kwa mwenye mifumo miwili, maana yake ni kwamba Windows imelala ikiwa bado inakumbuka mafaili yalivyokaa kwenye diski. Linux ikiingia hapo katikati ikaandika, Windows ikiamka inaendelea na kumbukumbu yake ya jana, na hayo mawili hayalingani tena. Mafaili yanapotea hapo, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa aliyelazimisha.

Ndiyo maana Linux yenyewe hukataa. Ujumbe unaoujua kila aliyepita njia hii ni ule wa "Windows is hibernated, refused to mount" (Windows imelala, nimekataa kuipachika, yaani kuifungua), au patisheni inafunguka kwa kusoma tu. Anayeanza anaona amenyimwa haki yake. Anatafuta mtandaoni, anakuta mtu amependekeza kufuta hiberfil.sys kwa nguvu kwa chaguo la `remove_hiberfile`, au kuendesha `ntfsfix`. Sikiliza hapa. Ukifuta faili lile, kazi yoyote iliyoachwa wazi ndani ya Windows imeondoka nalo. Na `ntfsfix`, pamoja na jina lake zuri, haifanyi kazi ya `chkdsk`, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Inarekebisha makosa machache ya msingi, inasafisha daftari la mabadiliko (journal, ambamo mabadiliko ya diski huandikwa), halafu inaiachia Windows alama kwamba ikague diski itakapowaka.

Dawa iko Windows kwenyewe. Chagua Restart badala ya Shut down, kwa sababu Restart ndiyo inayofunga kila kitu kikamilifu. Wateja hawaamini ukiwaambia hivyo, maana inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyo. Njia nyingine ni kushikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza Shut down. Ukitaka kumaliza mjadala moja kwa moja, fungua terminali kama msimamizi uandike `powercfg /h off`. Utapoteza uwezo wa kulaza mashine kwa hibernate, ila utarudishiwa gigabaiti kadhaa zilizokuwa zimekaliwa na lile faili. Kwa mashine yenye mifumo miwili mimi huizima siku ileile ya kuweka Linux, wala siulizi mara mbili.

Kuna ujumbe mwingine unaofanana na ule wa hibernate lakini si uleule, wa patisheni isiyofungwa vizuri. Kwa miaka mingi Linux iliandika kwenye NTFS kupitia NTFS-3G, draiva (programu ya kuiwezesha Linux kuelewa NTFS) iliyotoka rasmi mwaka 2007 na inayofanya kazi nje ya kerneli. Mwaka 2021, kwenye Linux 5.15, iliingia draiva mpya ya ndani iitwayo ntfs3, iliyotolewa na kampuni ya Paragon. Ina kasi zaidi, na ni kali. Ikikuta patisheni ina alama ya kutofungwa vizuri, labda flashi ilichomolewa ghafla au umeme ulikatika, inagoma kuipachika kwa kuandika mpaka uilazimishe kwa `force`. Usilazimishe. Rudi Windows, andika `chkdsk D: /f`, ukimaliza urudi Linux. Kama Windows ya mteja imekufa na huna ya kurudi, pachika kwa kusoma tu kwa `-o ro`, toa kila kitu kwenda diski nyingine, na baada ya hapo ndipo ujaribu `ntfsfix`. Mpangilio huo usiugeuze hata siku mteja amesimama juu ya kichwa chako.

Ikiwa unataka Drive D ijifungue yenyewe kila Linux inapowaka, utaandika mstari kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya patisheni za kupachikwa, wa namna hii:

`UUID=namba-ya-patisheni /mnt/data ntfs-3g uid=1000,gid=1000,windows_names,nofail 0 0`

Vipande viwili vya mstari huo vina uzito. `nofail` inaiambia Linux iendelee kuwaka hata kama diski haipo. Ukiisahau, siku diski ya nje ikiwa nyumbani laptopu itaganda kwenye hali ya dharura na utadhani imeharibika. `windows_names` inazuia kuunda majina ambayo Windows haiyakubali. Linux inakuruhusu kuita faili "Kikao 10:30", lakini Windows haitaki nukta mbili wala alama ya kuuliza kwenye jina. Vilevile Linux inaona Ripoti.docx na ripoti.docx kuwa mafaili mawili tofauti, na Windows ikikutana nayo pamoja kwenye folda moja inachanganyikiwa.

Usitegemee `chmod`, amri ya kuweka ruhusa za faili, ifanye kazi kwenye NTFS kama ulivyozoea. Miradi ya programu na funguo za SSH (za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali) ziweke kwenye ext4. Drive D ibaki ya nyaraka, picha na video.

Upande wa pili, yaani kuwa Windows na kutaka kuona mafaili ya Linux, ni mwembamba zaidi. Hatari kubwa huko ni diski ya nje ya ext4 ikichomekwa kwenye Windows. Mara nyingi kinajitokeza kidirisha kinachosema diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Diski haina tatizo lolote. Windows haiielewi tu. Bonyeza Cancel, na umwonye mteja mapema, kwa sababu mkono wa mtu mwenye haraka huenda kwenye Format. Windows 11 inaweza kupachika ext4 kwa kupitia WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kwa amri ya `wsl --mount`, lakini inaichukua diski nzima, na haikubali diski ambayo Windows yenyewe imekaa juu yake. Mwenye laptopu ya diski moja hilo halimsaidii. Badala ya kupigana huko, mimi huweka vitu vya pamoja kwenye patisheni inayosomeka pande zote mbili.

Patisheni hiyo iwe ya aina gani? FAT32 inasomeka popote lakini faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4, na video ya harusi inavuka hapo bila kujitahidi. exFAT haina kizuizi hicho, na Linux inaisoma yenyewe tangu toleo 5.4 la mwaka 2019, baada ya Microsoft kuweka hadharani maelezo yake. Kasoro yake ni kwamba haina daftari la mabadiliko, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika haina pa kujisahihishia. Kwa flashi na kadi za kamera, exFAT. Kwa patisheni ya ndani ya laptopu, NTFS.

BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski nzima kwa ufunguo, inakuja kwa kasi, nawe jiandae. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kimyakimya pale mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 ni mashine nyingi zaidi. `lsblk -f` itakuonyesha neno BitLocker mahali pa ntfs. Kabla hujagusa mipangilio ya BIOS (programu ya mashine inayotangulia Windows kuwaka), Secure Boot (ulinzi wake wa kuwasha) au ukubwa wa patisheni, mwambie mwenye mashine atafute ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yake na auandike. Ukiwa nao, `cryptsetup`, programu ya Linux ya diski zilizofungwa, kuanzia toleo 2.3 la mwaka 2020 inafungua kwa `cryptsetup open --type bitlk`. Usipokuwa nao, mwambie mteja ukweli palepale, usimchukulie pesa ya kujaribu.

Diski isiyofungwa kwa BitLocker, kinyume chake, haina siri kwako hata kidogo. Nenosiri la Windows halizuii flashi ya Linux kusoma folda ya Users. Kwa hiyo ukiletewa laptopu na mtu asiyejua hata jina la akaunti iliyomo, uliza maswali kabla ya kuwasha.

Mawili ya mwisho, kwa wanaookoa mafaili. Linux isipoiona diski ya NVMe (SSD ya kisasa) kabisa, angalia BIOS. Huenda imewekwa kwenye Intel RST badala ya AHCI, hizo zikiwa namna mbili za mashine kuendesha diski. Usibadilishe kienyeji, kwani Windows inaweza kukataa kuwaka mpaka uiandae kwanza kwa Safe Mode. Na ukikuta Desktop ya mteja imejaa majina ya mafaili lakini hayafunguki wala hayanakiliki, usiharakishe kusema diski imeoza. Mara nyingi ni OneDrive: kilichobaki kwenye diski ni majina tu, maudhui yako kwenye seva. Mwombe mteja aingie OneDrive kwa simu yake aangalie kama yapo, kabla hujampigia Windows mpya.