Oparesheni ya utumbo mpana: maswali yenu ya wiki hii

Baba anakatwa Jumatatu, wamempa dawa ya kusafisha tumbo, anaharisha vibaya. Aache?

Asiache, kuharisha ndiyo kazi yake. Ladha yake inachefua kweli, mwekee kwenye friji anywe glasi mojamoja taratibu, mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano bila chembe. Akitapika kila anachokunywa au akipata kizunguzungu kikali, au kama ana shida ya figo au moyo, piga simu wodini sasa hivi. Na msilinganishe na jirani, wapo wagonjwa ambao hawasafishwi kabisa na ni sawa.

Uji mwepesi asubuhi ya oparesheni?

Hapana! Uji ni chakula, chai ya maziwa nayo hivyohivyo, nimeshajibu hili mara ngapi jamani. Chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu au chai ya rangi wengi huruhusu hadi masaa 2 kabla, ila fuata saa uliyopewa wewe. Ukishalazwa usingizi kilichoko tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, watu wanakufa hivyo.

Natumia warfarin (ya kuzuia damu kuganda), dawa ya sukari na za presha. Niache zote?

Usiache hata moja kwa akili yako. Warfarin mara nyingi husimamishwa kama siku 5 kabla, insulini hupunguzwa, na dawa nyingi za presha unameza asubuhi hiyohiyo na maji kidogo, lakini anayepanga ni daktari. Kwahiyo beba dawa zote kwenye mfuko umwonyeshe daktari wa usingizi, na hapa nasema na wale wa mitishamba, ile chupa shangazi kaleta imefichwa chini ya kitanda mgonjwa anapewa vijiko viwili nesi akigeuka. Kuna mizizi inayozidisha kutoka damu na mingine inashusha sukari, na mtu akiwa usingizini hawezi kusema anajisikia vibaya. Itaje tu, hakuna atakayekufunga.

Natoa damu chooni miezi saba, natumia dawa ya bawasiri. Nitakwepa kisu?

Nani kakupima akasema ni bawasiri? Swali hili linaniumiza kila wiki. Saratani ya utumbo mpana nayo inatoa damu, huwezi kuitofautisha kwa kuangalia choo na muuza dawa wa stendi hawezi pia. Nenda ukapimwe kwa kidole, ikibidi kolonoskopi (kamera inayopitishwa njia ya haja kuangalia utumbo mpana), hata kama una miaka 30. Ikikutwa haijasambaa oparesheni inaweza kuitoa yote, ukisubiri utumbo uzibe utaletwa usiku tumbo limejaa, unakatwa kwa dharura bila maandalizi, na uwezekano wa kuamka na mfuko wa kinyesi tumboni unakuwa mkubwa zaidi. Kesho nenda, usingoje mshahara.

Mfuko wa kinyesi ni wa maisha?

Inategemea. Mwingine ni wa miezi michache tu wakisubiri maungio, pale utumbo uliposhonwa pamoja, yapone, ila wakitoa rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) na njia ya haja yote huo ni wa kudumu. Omba wakuchoree kabla sehemu utumbo utakapotokezea na mfuko kubandikwa, ukiwa umekaa na umesimama, usije ukaangukia kwenye mkunjo wa tumbo au pale unapofungia kanga. Utumbo uliotokeza unatakiwa uwe mwekundu wenye unyevu, ukigeuka mweusi rudi hospitali haraka. Na nyie ndugu acheni kumtenga mtu chumba cha nyuma, mfuko ukivaliwa vizuri hautoi harufu.

Nitakula lini, na nikilala tu nisitembee si ndiyo napona haraka?

Wengi siku hizi wanaanza kunywa siku ileile au kesho yake, chakula taratibu, na ukijamba waambie manesi, ni dalili njema kwamba utumbo umeamka. Kulala tu ni hatari, damu inaganda miguuni, kesho yake uinuliwe ukae kwenye kiti halafu utembee hata kwa kushikiliwa. Omba dawa ya maumivu mapema, ukiumwa hutatembea wala kukohoa. Ndoo na mizigo mizito ziache wiki 6 hivi. Homa, tumbo kuvimba, maumivu yanayozidi badala ya kupungua au moyo kwenda mbio, hasa ndani ya wiki ya kwanza, inaweza kuwa maungio yanavuja, hapo hakuna kusubiri kliniki ya Jumatano, unarudi hospitali usiku huohuo.