Thunderbird inakwama, fundi anataka kupiga windo

SWALI: Niko Kibaigwa, ofisi ya wanunuzi wa mahindi. Thunderbird yetu, ile programu ya barua pepe, ni nzito kufunguka, na siku hizi nikibonyeza barua hii inatokea nyingine. Nimefuta barua nyingi za zamani, wapi! Fundi anasema ni vairasi, tupige windo (yaani kufuta diski na kuweka Windows upya), na mafaili atayahamishia kwanza kwenye flashi. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Vairasi anawasingizia tu.

Kwa kawaida Thunderbird huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja. Ukifuta barua, haitoki humo. Inawekewa alama tu kwamba imefutwa, na nakala yake inaingia kwenye folda ya takataka. Kwa hiyo huko kufuta kwako kumeongeza mzigo. Fungua File, kisha Compact Folders, ndiyo inayoziondoa kabisa zilizowekewa alama, uiache imalize (umeme wa kubahatisha? subiri utulie). Hiyo ya barua kugeuka nyingine ni faharasa (orodha inayoonyesha kila barua iko wapi ndani ya faili) imepishana na faili lake: bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, Properties, halafu Repair Folder.

Ila kabla ya yote nakili barua zako, na hapa ndipo mafundi wetu wananichosha. Fundi akisema "nimebakapu kila kitu", mara nyingi ana maana ya Desktop, Documents na picha za harusi. Barua za Thunderbird hazikai huko. Zimo ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Funga Thunderbird, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird, utaiona folda ya Profiles. Nakili yote.

Hapa Dodoma naletewa kompyuta zimeshapigwa windo, zinawaka kwa kasi ya ajabu, na mhasibu anauliza ankara za mwaka jana ziko wapi. Kama ofisi ilikuwa inapokea barua kwa POP (njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva, kompyuta ya mtoa huduma, hadi kwenye kompyuta yako) bila kubakiza nakala kwenye seva, hazipo. Hata mtoa huduma hana cha kukurudishia. Na ile programu ya "kurudisha vilivyofutwa" wanayokuuzia baadaye haina miujiza, hasa diski ikishaandikwa Windows mpya juu yake.

Fundi yeyote anayetaka kupiga windo kwenye kompyuta ya ofisi, mwambie kwanza akuonyeshe Profiles ilipo. Akianza kubabaika, beba kompyuta yako uondoke.