Wasomaji Wanauliza: Nijali Bila Kuwa Hakimu, Nitawezaje?

Barua za safari hii zinafanana. Zimeandikwa na watu wanaoumizwa na hali ya dunia, na uchungu huo umeanza kuwatoka kwa sura ya hasira, mara nyingi juu ya watu wa karibu. Tumechagua nne.

SWALI: Shikamooni wahariri. Naishi na kaka yangu. Huacha bomba likitiririka anapopiga mswaki, na taka zote huzitia kwenye ndoo moja ilhali tulikubaliana kuzitenganisha. Nikisema, tunagombana. Nikinyamaza, naumia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Tuanze na sentensi unayofungulia mazungumzo, maana ugomvi mwingi huzaliwa hapo. "Wewe hujali" ni hukumu. "Asubuhi bomba lilikuwa wazi muda wote ulipokuwa ukipiga mswaki" ni jambo lililotokea. Kipimo chake ni chepesi: je, kamera ingelinasa? Kamera hunasa bomba lililo wazi, uzembe hainasi. Chuja pia "kila siku" na "hata siku moja." Ukimwambia kaka yako "kila siku," ataitafuta siku aliyofunga bomba, ataipata, na mtashinda mkibishana juu ya siku hiyo.

Usimsomee takwimu. Mpe ndoo. Aitege chini ya bomba kwa sekunde 15, ayapime maji yaliyoingia, kisha azidishe kwa 4. Bomba la kawaida lililofunguliwa vizuri hutoa kama lita 6 kwa dakika, na mengine huzidi hapo. Namba aliyoipima mtu mwenyewe ni vigumu kubishana nayo.

Baada ya hapo, badili mkao wa mazungumzo. William R. Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kuhusu ushauri kwa watu wenye tatizo la pombe. Mshauri akishika upande wa kuacha, mgonjwa hushika upande wa kunywa, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyozidi kuuamini. Njia yake ni kuuliza, ili mgonjwa azitaje mwenyewe sababu za kuacha. Baadaye yeye na mwanasaikolojia mwenzake Stephen Rollnick waliikuza njia hiyo, na leo inatumika hospitalini kwa mambo mengi. Kwa kaka yako ingeenda hivi:

"Kaka, nina jambo kuhusu maji. Tuzungumze sasa au jioni?"
"Sema tu."
"Kutoka 0 hadi 10, jambo hili lina uzito gani kwako?"
"Labda 4."
"Kwa nini 4 na si 1?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Wengi huliharibu kwa kuuliza "kwa nini si 9?" na hapo wanakuwa wameomba visingizio, nao watavipata. Ukiuliza kwa nini si 1, atalazimika kuzitafuta sababu zake za kujali na kuzitamka kwa mdomo wake. Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10 kama ni lazima. Ukimya unaokuudhi wewe ndio unaompa yeye nafasi ya kufikiri. Akimaliza, rudia alichosema kwa maneno yako bila kuweka "lakini." Neno hilo likiingia, yote yaliyotangulia yamefutika.

Kuhusu taka, kabla hujamlaumu, tazama ndoo zilipo. Kama ya mabaki ya chakula iko karibu na sinki na ya plastiki iko nje mlangoni, mwenye mikono iliyolowa atatupa kila kitu kwenye iliyo karibu. Ziweke zikigusana, zenye ukubwa sawa, na juu ya kila moja bandika kitu halisi kinachoingia humo: kifuniko cha chupa huku, ganda la yai kule. Upeni utaratibu huo wiki mbili kabla hamjaupima. Na siku akitenganisha vizuri, sema "nimeona, asante," uishie hapo. "Afadhali leo umekumbuka" ni kofi.

SWALI: Huku kutohukumu si njia ya kuwabembeleza wanaoharibu? Mtu anayechafua maji ya wenzake anastahili aibu.

JIBU: Mfano wako wa maji tutauchukua ulivyo. Mnyoo wa Guinea huingia mwilini kwa maji ya kunywa yenye vijidudu vilivyobeba lava zake, yaani watoto wachanga wa mnyoo. Baada ya takriban mwaka mmoja hujitokeza kwenye ngozi, mara nyingi mguuni, kwa maumivu kama ya moto. Mgonjwa hukimbilia kuutumbukiza mguu majini apate nafuu, na papo hapo mnyoo hutema maelfu ya lava kwenye maji ya kijiji kizima. Mchafuzi, basi, ni mtu mwenye maumivu.

Ugonjwa huo hauna chanjo, wala dawa ya kuutibu. Kama wagonjwa wangeaibishwa, wangejificha, na kila aliyejificha angekuwa chanzo kipya. Kilichofanywa ni kugawa vitambaa vya kuchujia maji, kumfunga mgonjwa kidonda na kumhudumia mbali na kisima, na katika nchi nyingi kumpa zawadi ya fedha anayejitokeza. Mwaka 1986 walikadiriwa watu milioni 3.5 wenye ugonjwa huo. Mwaka 2023 waliripotiwa 14.

Hakuna aliyebembelezwa hapo. Mgonjwa alikatazwa kuingia majini, na katazo lilikuwa katazo kweli. Kilichoondolewa ni dharau. Kwa hiyo unapotaka kumzuia mtu, zuia tendo, kisha uliza: anapata nini kwa kulifanya, na nini kinaweza kumpa hicho hicho bila madhara? Mwenye mguu unaowaka alitafuta nafuu. Anayechoma taka hutafuta kuziondoa, na mara nyingi hakuna anayekuja kuzichukua.

Kuna makosa ambayo yanahitaji sheria. Mwenye kiwanda anayemwaga sumu mtoni kwa makusudi hahitaji kuulizwa maswali ya 0 hadi 10, anahitaji kushtakiwa. Hata hapo, maelezo yenye tarehe, saa, mahali na picha yatafika mbali kuliko malalamiko yaliyojaa matusi, kwa sababu matusi hayawezi kuwa ushahidi.

SWALI: Kila usiku nasoma habari za vita, njaa na mafuriko mpaka saa sita, nalala nikiwa nimechoka na siku inayofuata sina nguvu ya kumsaidia mtu yeyote. Nikiacha kusoma najiona msaliti.

JIBU: Unachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili huyaita yote "huruma." Kuna kuumia pamoja na anayeumia, na kuna kumtakia heri na kutaka kumfaa. Watafiti wa ubongo Tania Singer, Olga Klimecki na wenzao walichapisha mwaka 2014 utafiti uliowafundisha watu namna zote mbili, kwa kuwaonyesha video za watu wenye mateso. Waliozoezwa kuumia pamoja walizidi kujisikia vibaya. Walipozoezwa namna ya pili, hisia njema ziliongezeka tena ingawa mateso waliyoyatazama hayakupungua.

Kwa hiyo habari usiziache, zipangie saa. Mara mbili kwa siku, dakika 20 kila mara, ya mwisho angalau saa mbili kabla ya kulala, na simu isilale chumbani. Soma maandishi badala ya video. Video hiyo hiyo ukiitazama mara tano haikupi taarifa tano. Chagua jambo moja utakalolifuatilia kwa miezi 3, pamoja na tendo moja dogo: kuchangia kiasi kile kile kila mwezi, kutoa damu, kujitolea saa 2 kwa wiki. Mengine utayajua kwa kichwa cha habari, na inatosha. Ukikutana na picha inayokukaba koo, vuta pumzi taratibu, mtakie mtu yule nafuu kwa sentensi moja, halafu jiulize kama liko la kufanya leo. Liko? Lifanye kabla ya kusoma nyingine. Haliko? Funga.

Habari pia hupenda lililovunjika ghafla, na lililotengenezwa polepole hulipita. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka 1987 ili kuondoa kemikali zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, nyingi zikitoka kwenye majokofu na makopo ya kupuliza. Karibu zote zimeondolewa, na tabaka hilo linaendelea kupona. Katika sehemu kubwa ya dunia linatarajiwa kurudia hali ya mwaka 1980 kufikia takriban 2040. Kila wiki tafuta habari moja ya aina hiyo, si ya kujifariji tu, bali usome walivyofanya.

Kama usingizi umepotea zaidi ya wiki mbili, au huna hamu ya lolote, nenda kwa mhudumu wa afya. Hilo si suala la habari tena.

SWALI: Sihukumu wengine, najihukumu mwenyewe. Nikinunua kitu chenye plastiki nashindwa hata kukifurahia.

JIBU: Kamera ile ile ielekeze kwako. "Mimi mnafiki" hainasi. "Wiki hii nimetupa vifungashio 23" inanasa. Hesabu kwa siku 7 bila kubadili chochote, upange kwa aina, kisha ushughulikie aina iliyoongoza peke yake. Mara nyingi ni chupa za maji au mifuko. Wiki ya pili ukianza na aina zote kwa pamoja, kufikia ya tatu utakuwa umeacha hata kuhesabu.