Muulize Mzee wa Besi: Vyombo ni vya Nani?

Shikamoo Mzee wa Besi. Tuna bendi ya roki, vijana watano, mazoezi tunafanyia stoo ya duka la baba yangu hapa Tandika. Kampuni moja ya vinywaji imeahidi kutuletea drams, magitaa mawili na spika, tupige kwenye matamasha yao mwaka mzima. Sharti: jina lao litangulie letu, na wimbo wetu wa bomoabomoa uondolewe ubeti wa tatu. Mpiga solo amesusa, anasema tumejiuza, roki haina mfadhili. Ni kweli?
Kijana wa Tandika

Marahaba, mwanangu. Mpiga solo namwelewa, ila historia ya roki haimsaidii. The Clash wa London, pamoja na ukali wao wote kwa wenye nazo, walisaini na kampuni ya rekodi ya CBS Januari 1977 kwa pauni 100,000. Wapenzi wao wengine walinuna. Lakini jamaa walikuwa wabishi: mwaka 1979 walishikilia santuri mbili ziuzwe kwa bei ya moja.

Na hapa kwetu, bendi gani kubwa haikuwa na mwenyewe? NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadili jina, nayo inabadili: JUWATA, kisha OTTU. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo.

Mimi nilipigia bendi ya shirika moja la umma, sitalitaja. Niliajiriwa kama karani yeyote, mshahara mwisho wa mwezi, nikajenga vyumba viwili Temeke. Kwa hiyo usinitarajie nimtukane mfadhili. Tuliimba sifa za shirika, na mapenzi tukaimba zaidi, maana ndiyo yaliyojaza ukumbi. Shirika lilipoyumba, Jumamosi moja mchana likaja lori. Wakapakia drams, ampu, maikrofoni, na lile besi ambalo mgongoni nilikuwa nimechora jina la binti yangu kwa msumari. Nikaambiwa ni mali ya shirika. Na kweli ilikuwa. Jioni yake tulikuwa na dansi. Waliokwisha kulipa kiingilio walirudishiwa hela mlangoni.

Basi kwenye huo mkataba tafuteni vyombo vimeandikwaje. Kama mnapewa, viwe vyenu kwa maandishi tangu siku ya kwanza. Kama mnaazimwa, huo si ufadhili, ni kibarua, mdai ujira.

Jina lao litangulie tu. Mie nimevaa mashati yenye nembo kubwa kuliko kitambi changu cha leo.

Ubeti ndio mgogoro. Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja, walikwenda kupiga Sun City mwaka 1984, Afrika Kusini ya makaburu, wakijitetea kwamba wao si bendi ya siasa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini hata hivyo. Nanyi mkiufuta ubeti kwa kuagizwa, mtakuwa mmeshaingia kwenye siasa, ila upande wa aliyeagiza. Waambieni wimbo huo hamtaupiga kwenye matamasha yao, lakini kwingine unabaki mzima. Wakikataa hata hilo, rudini stoo.

Kabla ya kusaini chochote, sajilini wimbo huo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na jina la mpiga solo liwemo. Huo ubeti wa tatu alitunga nani? Nahisi ni yeye.