Mvumo katika spika za studio ya nyumbani

Ndugu yangu wa Jinja, umeeleza kwamba mvumo mzito husikika katika spika mara tu unapounganisha kompyuta na kadi ya sauti, hata maikrofoni ikiwa imezimwa. Kwanza chomoa chaja na uiache kompyuta itumie betri; mvumo ukitoweka, yaelekea vifaa vyako vinapata ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini) kupitia njia mbili tofauti, na umeme wetu wa hezi 50 unapenya humo. Chomeka vyote katika soketi moja ya ukutani kupitia ekstensheni yenye ethi, kisha utumie kebo za sauti za nyaya tatu (ziitwazo "balanced") kuelekea kwenye spika. Usikate pini ya ethi, hata fundi akikushawishi (nao hushawishi sana!), kwa sababu volti 240 huua.