Faili la bat linalojifunga bila kubadili mipangilio

Ndugu yangu wa Mwanga, umeeleza kwamba faili lako la bat (orodha ya amri ambazo Windows huzitekeleza kwa mfuatano), linalopaswa kuingiza mipangilio mipya kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo) katika kompyuta za steshenari yako, hufungua dirisha jeusi na kutoweka kabla hujasoma neno, hata ukiliendesha kama msimamizi (Run as administrator). Usilibofye, fungua kwanza Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, kisha uliite faili humo kwa njia yake kamili, ili ujumbe wa kosa ubaki mbele ya macho yako. Naona kosa ni la folda: faili la bat likiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi huanzia C:\Windows\System32, wala si kwenye flashi ulimoliweka, hivyo faili la .reg (lenye mipangilio yenyewe) unalolitaja kwa jina tu halionekani. Ongeza mstari huu mwanzoni mwa faili la bat, pamoja na alama zake za nukuu, ili lihamie kwanza kwenye folda lilimo lenyewe:

cd /d "%~dp0"

Hapa Ujiji nilipoteza alasiri nzima kwa kuiacha hiyo /d, kwa sababu bila hiyo amri haihami kutoka diski C kwenda E ya flashi. Kabla ya kujaribu tena, hifadhi nakala ya sehemu hiyo ya rejista kwa amri ya reg export. Nakusihi sana usiiruke hatua hii.